Altezza ya bei chee, injini inagonga: ninunue au niache?

Leo naomba tuache siasa na mpira kidogo tuongee gari. Najua humu ndani vijana ni wengi, na kila kijana wa Bongo kuna gari moja analiwaza akiwa amelala. La kwangu ni Altezza. Sasa mwezi ule nilioupata mkononi kwa bei ya kutupa nilijifunza mambo mengi kuliko miaka yote niliyokuwa naiangalia barabarani, na nikaona si vizuri nife nayo peke yangu.

Ilikuwa hivi. Jamaa mmoja wa Dar alikuja msibani kwetu Chole na Altezza yake. Kwa wasiopajua, nasema Chole ya Kisarawe, siyo kile kisiwa cha Chole kule Mafia. Kwetu ukishaacha lami unaingia ndani kwenye mikorosho na mihogo, na barabara ikinyesha ni tope, ikikauka ni makorongo. Jamaa alifika, akazika, na alipotaka kuondoka gari ikaanza kupiga kelele, ikazima. Ikabaki chini ya mwembe wa baba mdogo miezi miwili. Mwishowe akapiga simu: "Dogo, nipe milioni nne na laki mbili uichukue. Ni sensa tu hiyo, fundi anamaliza siku moja."

Jamani! Altezza kwa milioni nne na laki mbili! Nilikuwa na milioni 5.5 kwenye simu na benki. Tatizo ni kwamba katika hizo, zangu mwenyewe zilikuwa milioni 3.7 za kukusanya kwa bodaboda. Milioni 1.8 zilikuwa za mama, pesa ya korosho, ameniwekea ninunue bati za nyumba yake. Nikajipigia hesabu ya kijinga: nanunua gari, nabadilisha sensa, naiuza milioni nane, mama anapata bati na mimi nabaki na faida. Kila anayeumizwa na gari bovu huanza na hesabu kama hiyo.

KWANZA, HII GARI NI KITU GANI?

Tusiipende tu kwa sababu ya taa za nyuma. Toyota waliitoa Altezza Japani mwezi Oktoba 1998, mhandisi wake mkuu akiwa Nobuaki Katayama, na ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka Japani kwa 1998-1999. Neno Altezza ni Kitaliano, lina maana ya utukufu, kama mtu anavyomwita mfalme mtukufu. Ulaya na Marekani gari hiyo hiyo iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Zile taa zake za nyuma za kioo cheupe ziliwachanganya vijana wa Marekani hadi wakawa wanafunga taa za staili hiyo kwenye magari mengine na kuziita taa za Altezza.

Uzalishaji ulikoma 2005. Kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani sasa imepita miaka 20. Hakuna Altezza "mpya". Na kuagiza nyingine Japani leo si rahisi kwa mfuko, kwa sababu TRA wana ushuru wa uchakavu kwa gari dogo lenye zaidi ya miaka 10, asilimia 30, juu ya ushuru mwingine wote. Ndiyo maana wengi tunazungukia hizi hizi zilizopo nchini, zimeshapita mikono minne mitano.

Kuna aina mbili za kujua. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, cc 2000, na ile ya gia za mkono inatoa nguvu za farasi 210. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, cc 2000 pia, lakini farasi 160. Usiamini maandishi ya nyuma ya buti, yale yanabandikwa na mtu yeyote. Soma namba ya chesisi: ikianza na SXE10 ni 3S-GE, ikianza na GXE10 ni 1G-FE. Ile ya chini ya mwembe ilikuwa SXE10, gia za mkono, gia sita. Moyo ukazidi kudunda.

Sasa sikiliza hapa. Hiyo 3S-GE inatoa farasi zake 210 ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Ni injini ya kuzunguka sana. Injini ya namna hiyo oili ikipungua au presha ya oili ikishuka, haikuvumilii kama injini ya Corolla ya teksi. Halafu ilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo ni kama oktani 100. Petroli ya kwetu haifiki huko. Kompyuta ya gari inajirekebisha, nguvu inapungua kidogo.

FUNDI ANAKUJA CHOLE

Nilimpigia fundi mmoja Kisarawe mjini, mzee wa heshima, nikamlipa elfu hamsini na nauli ya bodaboda. Wapo walionicheka, eti gari hujanunua unalipa fundi! Wadau, ile elfu hamsini ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka ule. Nawapa alichofanya, hatua kwa hatua, maana hata wewe mwenyewe nusu yake unaweza.

1. Alishika boneti kabla ya salamu. Boneti ikiwa ya moto maana yake muuzaji ameshawasha kabla hujafika. Injini mbovu kuna matatizo inayaonyesha ikiwa baridi tu, na mengine ikiwa ya moto tu. Unatakiwa uikute baridi, uwashe mwenyewe, ukae nayo mpaka ichemke vizuri.

2. Aliwasha switi bila kupiga staata. Taa ya injini na taa ya oili lazima ziwake, halafu ukipiga staata zizime. Kwenye ile gari taa ya oili iliwaka, lakini ya injini haikuwaka KABISA. Fundi akacheka: "Hii imeng'olewa balbu." Taa isiyowaka kamwe si dalili ya uzima. Ni mdomo uliozibwa.

3. Alichomoa kijiti cha oili na kufungua kifuniko cha oili na cha rejeta. Oili ikiwa kama maziwa ya chai, maji yameingia. Rejeta ikiwa na utelezi wa oili, gasketi ya silinda hedi imekwenda au hedi imepinda. Hapa tulikuwa salama, ila maji ya rejeta yalikuwa na kutu, maana yake mtu alikuwa anajazia maji ya bomba badala ya kulanti. Na oili ilikuwa nzito kama asali. Muuzaji mjanja akiona injini inagonga anaweka oili nzito, kelele inashuka kwa siku mbili tatu.

4. Aliangalia moshi. Wa bluu, injini inakula oili: ringi au sili za valvu. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, ni maji yanaungua. Mweusi, petroli inazidi. Yetu ilitoa bluu kidogo tu ukikanyaga.

5. Alisikiliza. Hizi 3S-GE za Altezza zinajulikana kwa kelele ya "trrrr" sekunde chache ukiwasha asubuhi, hiyo ni gia ya VVT-i juu kwenye kemshafti. Ni gharama, lakini siyo kifo. Ya kwetu ilianza kimya. Dakika ya kumi, injini imepata moto, ikaanza kutoka chini: ko, ko, ko. Ukikanyaga, ko-ko-ko-ko. Na taa ya oili ikawa inapepesa ikiwa sailensa. Fundi akachomoa koili ya silinda moja moja. Alipochomoa ya silinda ya tatu, mgongo ule ukapungua. Akazima gari, akasema, "Basi, tusiiue kabisa."

Maelezo yake ni haya. Mlio wa juu mara nyingi ni valvu au gia za kemshafti. Mlio mzito wa chini unaobadilika ukiinyima silinda moja moto, ni beringi ya konrodi. Ile beringi ni kipande chembamba cha chuma laini kati ya konrodi na krenki, na vinavyozuia visisagane ni utando wa oili tu. Utando ukikosekana, beringi inasagika, inaacha nafasi, konrodi inaanza kupiga nyundo. Ukiendelea kuendesha, konrodi inakatika na inaweza kutoboa bloku. Hapo huna injini, una chuma chakavu.

6. Mwisho akalala chini ya gari na tochi ya simu. Akaniita. Sampo ilikuwa imebonyea kwa ndani kama sufuria iliyokanyagwa, na pembeni imepakwa silikoni mpya. Gari ilikuwa imeshushwa springi, ikapita kwenye barabara yetu, jiwe likaipiga sampo. Chini ya sampo ndipo kuna mdomo unaovuta oili kuipeleka kwenye pampu. Sampo ikibonyea inaubana ule mdomo, oili inavutwa kidogo, presha inashuka, beringi inakufa. Mtu akaziba uvujaji kwa silikoni akajua amemaliza, kumbe oili ilikuwa haivutwi. Akafungua nati ya oili akamwaga kidogo kiganjani, akaielekeza juani. Ilikuwa inametameta. Ndiyo beringi yenyewe hiyo, mdau.

"Sensa" gani hapo?

HESABU SASA

Injini iliyofikia hapo ina njia tatu. Ya kwanza ni kuifungua yote, kuchonga krenki, kuweka beringi na ringi mpya. Inawezekana, lakini unahitaji karakana inayopima kwa vipimo vya kweli, na vipuri sahihi vya injini hii havipo kila duka. Ya pili ni injini iliyotumika. Ya tatu ni kuweka injini ya aina nyingine.

Nilikwenda Ilala na Gerezani kuulizia injini. Angalizo kubwa: ukisema "nataka 3S" utaletewa 3S-FE ya Noah au RAV4, siyo yenyewe. Ukisema "3S-GE" unaweza kuletewa ya Celica, ambayo inakaa ubavu ndani ya gari, wakati ya Altezza inakaa wima kwa urefu wa gari na inasukuma tairi za nyuma. Jina moja, injini tofauti. Lazima iwe ya Altezza, na kompyuta yake iendane na aina ya gia boksi yako. Omba uisikie ikiwaka, na mkubaliane kwa maandishi siku ngapi unaweza kuirudisha.

Bei nilizotajiwa mimi, kwa matengenezo yale:

- Injini iliyotumika: 2,800,000
- Fundi kushusha na kupandisha: 350,000
- Taimingi belti, tenshena, wota pampu na sili (ukiwa injini iko nje ndiyo wakati wake): 300,000
- Oili, filta, plagi, kulanti, kusafisha rejeta: 250,000
- Tairi mbili za nyuma, zilikuwa upara: 300,000

Jumla ya matengenezo: milioni 4 kamili.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunachukua bei ya muuzaji tunaongeza matengenezo, tukiona imezidi kidogo tunasema poa tu. Anza upande wa pili. Uliza Altezza NZIMA ya mwaka ule, ya namba zile zile, inauzwa ngapi. Nilizunguka, nikapata kama milioni 8. Toa matengenezo milioni 4, inabaki 4. Halafu toa pesa ya usiyoyaona. Gari iliyofichwa balbu imefichwa na mengine, na injini iliyotumika nayo ni bahati nasibu. Mimi niliweka robo ya matengenezo, yaani milioni 1. Inabaki milioni 3. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ya mtu mwenye akili zake. Yeye alitaka 4.2. Kwa bei yake ningemaliza na gari iliyonigharimu milioni 8.2 bila dharura yoyote, wakati nzima inapatikana kwa 8.

KARATASI

Hata injini ingekuwa nzima, kuna haya. Omba kadi ya gari yenyewe, siyo picha ya WhatsApp. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Kama siyo, huyo mwenye jina aje. Siku hizi kadi nyingi zimewekwa rehani kwenye mikopo ya mtaani, unanunua gari, kesho anakuja mtu anaidai. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone madeni ya faini, maana ukishaichukua utakamatwa wewe. Mkataba uandikwe kwa wakili, na jina mkabadilishe TRA mapema. Usiposhughulikia hilo, gari ni ya mtu mwingine, wewe unaiosha tu. Ukibadilisha injini napo ni lazima taarifa zifanane na kadi. Mimi niliweka 150,000 ya TRA na wakili, na 118,000 ya bima ndogo.

UAMUZI

Nikampigia jamaa, nikamwambia kilichoonekana, nikamtajia milioni 3. Akakasirika, akasema mafundi wa kijijini hawajui Altezza. Nikamwambia sawa kaka, mlete wa mjini. Kimya. Baada ya siku nne akapiga: "Haya, lete tatu na nusu." Nikaona kama inashuka vile, si muda itafika tatu.

Usiku ule nikakaa na kalamu tena, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hesabu ya bei haikunionyesha. Hata angenipa kwa milioni 3, matengenezo 4, karatasi na bima 268,000, jumla ni 7,268,000. Nina 5.5. Inapungua karibu milioni 1.8. Yaani ningeingiza pesa yangu yote, na ya bati za mama yote, halafu gari ingekaa juu ya matofali ikisubiri pesa nyingine ya kiasi kile kile cha bati. Bei nzuri ilikuwa bei nzuri kwa mwenye milioni 8, siyo kwa mimi.

Asubuhi nikamwambia mama ukweli wote, hata ile hesabu ya kijinga ya mwanzo. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo gari mwanangu, ikiwa imesimama tu inakula nini?" Nikacheka. Nikamjibu inakula bima, betri na tairi, hata ikiwa imelala. Akasema, "Basi kama mwanaume asiyefanya kazi," akaendelea kupepeta mchele wake.

Bati tulizinunua wiki ile ile. Altezza ilikuja kuvutwa na jamaa wa Mbagala, nasikia kwa milioni 3.6, akaipakia kwenye kenta. Sijui kama aliangalia sampo. Nilisimama pale chini ya mwembe nikaiangalia inaondoka na zile taa zake, na siwadanganyi wadau, iliniuma. Bado naipenda. Siku nikiwa na milioni 8 zangu mwenyewe, na barabara ya kupita siyo ya kwetu, ntaitafuta nyingine, nzima, nikiwa na fundi pembeni.

Kwa hiyo kwa ufupi: ikute baridi, angalia taa zinazotakiwa kuwaka, lala chini uone sampo, anza hesabu kwenye bei ya nzima, halafu uliza mfuko wako kabla ya moyo wako. Na mtu akikuambia "ni sensa tu", mwambie aibadilishe yeye kwanza ndiyo akuuzie.

Kuna mdau aliyewahi kubadilisha injini ya Altezza au Subaru akafaidika kweli? Atupe hesabu zake hapo chini, tujifunze wote. Na kama kuna anayeona niliogopa bure, pia aseme, hatugombani.